Umeme wa Siku za Kimbunga

Taa inayowaka Mocímboa da Praia, kaskazini mwa Msumbiji, huwashwa na maji ya Zambezi. Bwawa la Cahora Bassa liko mkoani Tete, na umeme wake husafiri zaidi ya kilomita elfu moja kuja kaskazini: unapita Caia na Alto Molócuè, unafika Nampula, unapanda hadi Metoro, na kutoka hapo laini inaendelea kupitia Macomia mpaka kituo cha kupoza umeme cha Awasse. Awasse ndiyo inayogawia wilaya kama Mueda, Nangade, Mocímboa da Praia na Palma. Mitandao ya umeme ya miji mikubwa hufumwa kama wavu wa mvuvi, uzi mmoja ukikatika mzigo hubebwa na nyuzi za jirani. Kaskazini mwa mkoa wa Cabo Delgado hakuna uzi wa jirani. Nguzo zikianguka baina ya Metoro na Awasse, wilaya nzima nzima zinaingia gizani, na fundi anayetumwa kuzisimamisha anapita barabara ileile ambayo huenda mto umeshaikata.

Udhaifu huu ulionekana wazi Agosti 2020, wapiganaji waliposhambulia Awasse na kituo kikaharibiwa. Wilaya tano zilikaa zaidi ya mwaka bila umeme wa gridi. Lakini vita si sababu pekee ya giza katika mwambao huu, na huenda isiwe ya kudumu. Kimbunga ndicho kitakachorudi.

Kwa miaka mingi watu wa Palma, Ibo na Quissanga waliamini vimbunga ni mambo ya Nampula kushuka chini, na imani hiyo ilikuwa na msingi. Kimbunga hulishwa na joto la bahari: maji yakifikia nyuzi 26.5 au zaidi, mvuke mwingi hupanda, na unapogeuka kuwa matone angani huachia joto linalozidi kuvuta hewa juu. Ila joto peke yake halitoshi. Ili hewa hiyo izunguke badala ya kupanda tu, inahitaji msukumo unaotokana na dunia kujizungusha, na msukumo huo hupungua kadiri unavyokaribia ikweta. Ndiyo maana Mombasa haina historia ya vimbunga kama ya Beira. Cabo Delgado iko mpakani mwa hali hizo mbili: si karibu na ikweta kiasi cha kusalimika, wala si mbali kiasi cha kuzoea.

Tarehe 25 Aprili 2019 kimbunga Kenneth, kilichokuwa kimepita kaskazini mwa Ngazidja usiku wa kuamkia siku hiyo, kiliingia nchi kavu baina ya Macomia na Mocímboa da Praia. Upepo wake ulikadiriwa kuzidi kilomita 200 kwa saa. Kisiwani Ibo nyumba nyingi ziliharibika au kuanguka kabisa, na katika Msumbiji watu 45 walipoteza maisha. Ilikuwa wiki sita tu baada ya kimbunga Idai kuivunja Beira. Tarehe 15 Desemba 2024 kimbunga Chido, kilichotoka kuipiga Mayotte, kiliingia Mecúfi, kusini mwa mji wa Pemba, na vifo nchini vikapita mia moja. Ukirudi nyuma zaidi utakuta Zanzibar iliyopigwa tarehe 15 Aprili 1872 na Lindi iliyopigwa tarehe 15 Aprili 1952. Tazama miezi hiyo. Aprili, wakati kaskazi inaishia na watu wanaanza kupumua, bahari ingali na joto la miezi yote iliyopita, na ndipo majanga matatu kati ya hayo manne yalipotokea. Anayejiandaa Novemba na kulegeza kamba Machi amelegeza mapema.

Kwa nini nguzo zinaanguka? Nguvu ya upepo haikui sambamba na kasi yake. Kasi ikiongezeka mara mbili, msukumo unaongezeka mara nne. Upepo wa kilomita 100 kwa saa husukuma kila mita moja ya mraba ya ukuta kwa uzito wa karibu kilo 47. Wa kilomita 200 husukuma kwa karibu kilo 190. Bati moja lililong'oka paa la shule na kujipachika kwenye nyaya tayari ni tanga. Ongeza mvua iliyolainisha udongo kwenye mguu wa nguzo ya mti, ongeza mnazi ulioangukia laini, na utaelewa kwa nini baada ya kimbunga umeme hukatika kwa siku na wiki, si kwa saa.

Hapo ndipo jenereta inapoingia. Na hapa nina jambo moja ambalo naliamini kwa dhati, baada ya kuona nyumba nyingi zikinunua mashine kubwa zikaishiwa petroli siku ya pili: swali la kwanza si jenereta ya ukubwa gani, ni kitu gani kikikosa umeme kitamdhuru mtu. Ukilijibu swali hilo kwa ukweli, orodha inakuwa fupi sana. Maji ya kunywa. Dawa na chanjo zinazotaka baridi. Simu, kwa sababu tahadhari na habari za ndugu hupitia humo. Taa ya kumwona mgonjwa au mama anayejifungua. Televisheni, pasi na birika la umeme vinaweza kusubiri.

Zanzibar ilijifunza hili kwa shida. Mwaka 2008 kisiwa cha Unguja kilikaa karibu mwezi mzima bila umeme wa gridi, na tena kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, baada ya hitilafu kwenye njia ya umeme unaovuka bahari kutoka bara. Kilichowatesa watu zaidi ya giza kilikuwa maji, kwa sababu pampu za visima zilisimama. Jenereta zilinguruma Mji Mkongwe usiku kucha, ilhali mitaani watu walipanga ndoo. Pampu ndogo ya kisima huhitaji wati 400 hivi na hujaza tangi la nyumba kwa muda mfupi. Maji yakishakuwa juu kwenye tangi, yanashuka yenyewe bila hata tone la petroli. Tangi lililojaa ni umeme uliowekwa akiba.

Barafu pia ni akiba, na naona watu wa pwani, ambao uvuvi wao wenyewe unategemea barafu, hawaitumii vya kutosha nyumbani. Kilo moja ya barafu inapoyeyuka hufyonza joto la kilojuli 334. Kilo 13 zikiyeyuka hufyonza joto sawa na uniti 1.2, yaani kiasi kilekile cha nishati kinachoandikwa kwenye betri ya gari kubwa ya volti 12 na ampea-saa 100. Betri hiyo ina bei. Chupa za plastiki zilizojazwa maji na kugandishwa siku mbili kabla ya upepo hazigharimu kitu. Friza iliyojaa hadi juu na isiyofunguliwa huweka baridi ya kuhifadhi chakula kwa takriban saa 48. Ikiwa nusu tupu, saa 24. Friji ya kawaida isiyo na barafu huhesabiwa saa nne tu.

Wataalamu wa chanjo wamelijenga wazo hilohilo ndani ya mashine. Chanjo nyingi zinatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8, si zaidi wala si chini. Friji za kisasa za zahanati zina kuta za barafu zinazoweza kulinda kiwango hicho kwa saa 20 na zaidi bila umeme, na zile zinazounganishwa moja kwa moja na paneli za jua, bila betri, hutakiwa kuhimili angalau siku tatu za mawingu. Umuhimu wake ulionekana baada ya Kenneth: mlipuko wa kipindupindu ulitangazwa Cabo Delgado mwanzoni mwa Mei 2019, na mwezi huohuo watu wa Pemba, Metuge na Mecúfi wakapewa chanjo ya matone. Dawa ile ilibidi ibaki baridi katika mkoa uliokuwa umetoka kupoteza nguzo zake.

Sasa tuifungue mashine yenyewe. Mwaka 1831 Michael Faraday alionyesha kwamba sumaku ikisogezwa karibu na koili ya waya, umeme hupita kwenye waya. Jenereta ya nyumbani haifanyi zaidi ya hilo: injini ya petroli inazungusha sumaku mara 3,000 kwa dakika, ambayo ni mara 50 kwa sekunde, na hizo ndizo hezi 50 ambazo vyombo vyetu vimeundwa kuzipokea. Kwa sababu mwendo huo lazima usibadilike, injini ya kawaida inazunguka kwa kasi ileile iwe inawasha jokofu au inachaji simu moja. Mzigo ukiwa mdogo, nguvu yake nyingi inaishia kuuzungusha mwili wake mwenyewe. Lita moja ya petroli ina nishati ya karibu uniti 9. Jenereta ndogo ikibebeshwa mzigo mzuri, nusu hadi robo tatu ya uwezo wake, itakupa uniti 2 hivi kwa lita, na zilizobaki zinatoka kama joto na kelele. Ukiiachia taa mbili na chaja, hata uniti moja kwa lita hupati. Zipo jenereta za inveta zinazopunguza mwendo mzigo ukipungua, na kwa nyumba zinafaa zaidi, ingawa bei yake ni kubwa.

Kutokana na hesabu hiyo nashauri hivi: usiiwashe mchana kutwa. Iwashe kwa muda wa saa mbili asubuhi na muda wa saa mbili jioni, na katika saa hizo ibebeshe kila kitu kwa pamoja: pampu ijaze tangi, friza igandishe tena chupa, betri na simu zichajiwe. Jenereta ya wati 2,000 ikitumiwa hivyo itakunywa lita tatu hivi kwa siku, kwa hiyo dumu la lita 20 litakufikisha karibu wiki. Ileile ikiachwa ingurume saa 24 kwa mzigo mdogo, dumu halimalizi siku ya pili. Na petroli baada ya kimbunga si ya kuagiza. Mvua za mwishoni mwa 2019 ziliangusha daraja la mto Montepuez kwenye barabara ya N380, na wilaya za kaskazini zikatengwa na Pemba. Visiwani kila lita inavuka kwa chombo, na chombo hakitoki bahari ikichafuka.

Kuhusu ukubwa, angalia mambo mawili kabla ya kulipa. Maandishi ya kVA si kilowati. Mashine ya kVA 2.5 kwa kawaida hutoa kilowati 2. Na mota ya friji au pampu, wakati wa kuanza, huvuta mara tatu hadi sita ya umeme inaotumia ikishatulia. Friji ya wati 120 inaweza kudai 600 kwa nukta moja. Kwa hiyo washa mota kubwa kwanza, peke yake, iache itulie, ndipo uongeze nyingine.

Yote haya ni ya kuokoa fedha. Linalofuata ni la kuokoa roho, nami ningetamani lisomwe kwa sauti misikitini na zahanatini kila Novemba.

Injini ya petroli hutoa monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi, isiyo na harufu, wala haikereketi koo. Harufu ya moshi unayoisikia ni ya vitu vingine. Gesi hii inaweza kujaa chumbani bila pua kukuambia chochote. Ikiingia kwenye mapafu hushikamana na himoglobini ya damu kwa nguvu inayoizidi oksijeni zaidi ya mara 200, na ikishakaa haiachii upesi. Mtu aliyetolewa nje akapumua hewa safi anahitaji saa nne hadi tano ili nusu ya gesi hiyo imtoke. Akipewa oksijeni hospitalini, muda hupungua hadi saa moja na ushei. Mtoto aliye tumboni huumia kuliko mama yake.

Dalili za mwanzo ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na mwili kulegea. Fikiria maana yake katika mwambao ambao malaria iko kila nyumba na huzidi baada ya mafuriko. Familia inaamka inaumwa vichwa, inameza dawa ya malaria, inarudi kulala mlemle. Alama ya kutofautisha ni hii: malaria haiwashiki watu wote wa nyumba saa moja, na huja na homa; gesi huwashika wote kwa pamoja, bila homa, na wakitoka nje wanapata nafuu. Hata mhudumu wa afya anaweza kupotoshwa, kwa sababu kile kifaa cha kubana kidoleni kinachopima oksijeni huihesabu damu iliyobeba gesi hii kana kwamba imebeba oksijeni, kikaonyesha namba nzuri kwa mtu anayekufa. Marekani, nchi yenye hospitali na vifaa vyote, kimbunga Laura kilipopiga Louisiana Agosti 2020, moshi wa jenereta uliua watu wengi kuliko maji ya bahari yaliyopanda nchi kavu.

Najua kwa nini jenereta huingizwa ndani: watu wanaogopa wezi na mvua. Lakini kufungua dirisha hakutoshi. Barazani hapatoshi, moshi huingia kwa mlango na nondo za dirisha. Uani, ndani ya ukuta mrefu uliozunguka na paa la makuti, ni chumba kingine tu. Iweke mita sita au zaidi kutoka mlango na dirisha lolote, la kwako na la jirani, na ekzosi iangalie upande ambao upepo unakwenda. Dhidi ya wezi, zamisha pete ya chuma kwenye zege na ufunge mnyororo. Dhidi ya mvua, jenga kibanda cha bati kilicho wazi pande zote nne, juu ya jukwaa lililo juu kuliko alama ya mafuriko ya zamani. Na kimbunga chenyewe kinapovuma, usiiwashe kabisa. Saa zile ni za tochi.

Gesi hiyohiyo hutoka kwenye jiko la mkaa. Mvua inapopiga siku tatu mfululizo, jiko huingizwa ndani, milango ikafungwa. Inauma kuandika haya kuhusu Palma, ambako gesi asilia iligunduliwa baharini mwaka 2010 na tangu Novemba 2022 meli zinaipakia kutoka mtambo wa Coral Sul kwenda nchi za mbali, huku nyumba nyingi za pwani hii zikipikia mkaa na kuni.

Hatari ya pili inamwua mtu ambaye hata humwoni. Wapo wanaotengeneza waya wenye plagi ncha zote mbili, wakauchomeka kwenye soketi ili jenereta ilishe nyumba nzima. Umeme huo hauishii nyumbani. Unatoka kupitia mita, unafika kwenye transfoma ya mtaa, na transfoma haijui mbele na nyuma: ile inayopunguza volti 33,000 kuwa 400 ikilishwa kinyume huzipandisha tena. Fundi wa shirika la umeme, EDM, aliyepanda nguzo, akiamini laini imezimwa, anakutana na maelfu ya volti zilizotoka kwenye jenereta ya mtu. Dawa yake ni swichi ambayo mafundi huiita chenjiova, inayotenganisha nyumba na gridi kabla ya kuipokea jenereta. Usipokuwa nayo, tumia waya wa kurefusha kutoka kwenye jenereta moja kwa moja hadi kwenye friji, wala usiguse soketi za ukutani.

Kwa taa, simu na redio nisingependekeza jenereta hata kidogo. Taa nne za LED kwa saa tano, simu nne na redio ya kutwa havifiki hata robo tatu ya uniti moja. Kwa kweli ni kama robo tu ya uniti. Betri ndogo inabeba hayo yote. Paneli ya wati 100 hurudisha uniti 0.4 hivi siku ya jua kali, ingawa chini ya mawingu mazito itatoa sehemu ndogo tu. Betri ya maji isishushwe chini ya nusu. Ya lithiamu huvumilia zaidi na hudumu miaka mingi. Ila kumbuka ile hesabu ya upepo: paneli yenye eneo la mita 1.6 za mraba katika upepo wa Kenneth ingesukumwa kwa kilo 300. Ifunge kwa bolti ambazo unaweza kuzifungua, uishushe mapema, uilaze ndani ya nyumba.

Mapema ni lini? Msumbiji ina ishara za rangi. Buluu inamaanisha kimbunga kinaweza kufika ndani ya saa 24 hadi 48, njano ndani ya saa 24, nyekundu ndani ya saa sita. Mambo ya umeme ni ya buluu: kugandisha chupa, kujaza tangi, kuchaji betri, kununua petroli. Ya njano ni kushusha paneli na kuchomoa vyombo. Nyekundu si wakati wa kushika waya. Ni wakati wa kuwa ulipoamua kujihifadhi.

Jenereta yenyewe haiharibiwi na kimbunga sana kama inavyoharibiwa na miezi ya kukaa. Petroli iliyoachwa kwenye kabureta huganda kama utomvu na kuziba vitundu vyake, na hewa ya chumvi hula viungo vya waya. Iwashe kila mwezi kwa nusu saa, tena ikiwa na mzigo. Kabla ya kuizima, funga koki ya mafuta uiache imalize yaliyomo kwenye kabureta. Badilisha oili baada ya saa 20 za kwanza, kisha kila baada ya saa 50 hadi 100 kama kitabu chake kinavyosema. Usiongeze petroli injini ikiwa moto.

Siku gridi itakaporudi, zima jenereta kwanza, ndipo ugeuze chenjiova. Acha friji imechomolewa kwa dakika kumi na tano, kwa sababu laini iliyotoka kufungwa mara nyingi hurudi ikipanda na kushuka, na kompresa inayolazimishwa kuanza mara mbili tatu kwa dakika huungua. Washa taa moja tu. Ikitulia bila kufifia wala kung'aa kupita kawaida, chomeka pampu, kisha friji.